Seva iliyoitikia kila hodi: kisa cha getstatus katika injini ya Quake III

Barua pepe huwa fupi. Inatoka kwa kampuni inayokodisha mashine, na inasema: seva yako inashambulia mtu, isimamishe, la sivyo tutaizima sisi. Mwenye seva anaingia kwenye mashine moyo ukimdunda, anakagua kila anachojua kukagua. Hakuna mgeni aliyeingia. Nenosiri ni lile lile. Hakuna programu ngeni. Ndani ya mchezo wamo wachezaji kumi na kitu, nao wanalalamika kwamba wenzao wanarukaruka kwenye skrini kama panzi. Anapotazama pakiti zinazotoka, yaani vifurushi vya data, ndipo anapoona: mafuriko ya majibu yanaelekea kwenye anwani moja ambayo haimo kabisa katika orodha ya wachezaji, na kila jibu limebeba jina la seva yake, ramani inayochezwa, na majina ya watu wote waliomo.

Seva haijaharibika. Inafanya kazi iliyoandikiwa tangu 1999.

Hivyo ndivyo kisa kilivyowaangukia watu wengi waliokuwa wakiendesha seva za Quake III Arena na za ukoo wake. Na ukoo huo ni mkubwa. Kampuni ya id Software ya Texas ilitoa mchezo huo Desemba 1999, ikaziuzia kampuni nyingine leseni ya injini yake, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo. Humo ndimo ilimotoka Call of Duty ya kwanza, ya mwaka 2003, na nduguze waliofuata. Agosti 2005 id ikatoa msimbo wote chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na watu wa kujitolea wakaanzisha mradi wa ioquake3 ili kuusafisha na kuurekebisha. Tremulous, OpenArena, Urban Terror na World of Padman yote yanatokana na mti huo. Kwa hiyo kasoro moja ya mwaka 1999 ilikuwa imerithiwa na mashine nyingi mno, chini ya majina tofauti.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ukiutafuta mstari uliokosewa hutaupata. Hakuna hesabu iliyovuka mipaka, wala kielekezi kilichopotea. Kuna ukarimu tu, na mtu mbaya aliyegundua jinsi ya kuutumia.

Mlango wa wageni

Injini hii hupokea pakiti kwa njia mbili. Mchezaji aliyekwisha kuingia anazungumza kupitia kile ambacho msimbo unakiita netchan: kila pakiti ina namba ya mfuatano, iliyochelewa au kujirudia inatupwa, na ujumbe mkubwa unakatwa vipande vya baiti 1300. Hiyo ndiyo njia ya wenyeji. Ya pili ni ya wageni. Pakiti ikianza na baiti nne zenye thamani ya 255, injini inajua kwamba anayezungumza bado hana kiti ndani, na inasoma kinachofuata kama amri ya maneno: getinfo, getstatus, getchallenge, connect, rcon.

getstatus ndiyo ya porojo kuliko zote. Orodha ya seva inapotaka kukuonyesha nani anacheza wapi, ndiyo hutuma swali hilo. Lenyewe ni baiti 13: nne za alama ya mgeni na tisa za neno. Jibu linaanza na neno statusResponse, likifuatiwa na mipangilio yote ya seva iliyo wazi kwa umma, kisha mstari mmoja kwa kila mchezaji, wenye alama alizopata, ping yake (muda wa pakiti kwenda na kurudi) na jina lake. Seva iliyojaa ndiyo yenye jibu refu. Yaani kadiri unavyofanikiwa kuvuta watu, ndivyo seva yako inavyozidi kuwa silaha nzuri. Sijui kama kuna adhabu ya mafanikio iliyo ya kikatili kuliko hiyo.

Sasa ongeza UDP, njia ya kusafirisha pakiti ambayo mchezo huu unaitumia. Njia nyingine, TCP, huanza kwa pande mbili kusalimiana, na salamu haikamiliki mpaka jibu limfikie kweli yule aliyedai kuwa ndiye mwenye anwani. UDP haina salamu. Anwani ya mtumaji ni maandishi tu juu ya bahasha, na anayeandika ni mtumaji mwenyewe. Mtu akiwa kwenye mtandao usiokagua anwani za pakiti zinazotoka, anaweza kuandika anwani ya mtu mwingine yeyote. Anatuma getstatus kwa jina lako. Seva inajibu kwako. Ni mtu anayeagiza sinia la pilau kwa jina la jirani, kwenye hoteli mia kwa mpigo, huku yeye amelipia simu tu.

Hoteli hizo wala hatafuti kwa shida. Seva kuu ya orodha, ambayo kila seva ya mchezo hujitangaza kwake, humjibu yeyote anayeiuliza getservers kwa kumpa anwani na bandari za seva zote zinazopokea wachezaji. Kilichotengenezwa ili mchezaji apate mahali pa kucheza kikawa kitabu cha simu cha mshambuliaji.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2014 mtafiti Christian Rossow aliwasilisha kwenye kongamano la usalama wa mitandao la NDSS utafiti uliopima itifaki 14 za UDP zinazoweza kutumiwa namna hii. Kwa itifaki ya Quake alipata kizidisho cha 63.9, yaani jibu ni kubwa mara 63.9 kuliko swali. Shirika la tahadhari za kompyuta la Marekani, US-CERT, likaiweka namba hiyo katika tangazo lake la Januari mwaka huo huo, pamoja na ile ya DNS, itifaki ya majina ya intaneti, ya 28 hadi 54, na ile ya NTP, itifaki ya kulinganisha saa, ya 556.9.

Namba hizi zinahitaji kusomwa kwa makini. 63.9 inalinganisha mzigo wa UDP peke yake: baiti 13 zinaingia, takriban 830 zinatoka. Ukiongeza vichwa vya IP na UDP, ambavyo ni baiti 28 kila upande, swali linakuwa baiti 41 na jibu 858, na kizidisho kinashuka hadi karibu 21. Mtu anayetaka kutisha watu atakutajia ile ya kwanza. Mwenye seva anayelipia laini yake aitazame ya pili, maana vichwa navyo vinapita kwenye laini hiyo hiyo.

Hata hiyo ya pili inaumiza. Seva moja ikipokea maswali 1,000 kwa sekunde, inatema karibu megabiti 7 kila sekunde. Kuyatuma maswali hayo kunamgharimu mshambuliaji takriban kilobiti 330 kwa sekunde, kiasi ambacho hata laini dhaifu ya simu inakimudu. Akiwa na seva mia za namna hiyo mkononi, mlengwa anapokea megabiti mia saba, na kila pakiti inatoka kwenye seva halali yenye wachezaji halali. Azuie ipi?

Wachezaji waliomo ndani wanaumia pia, ingawa si wao waliolengwa. Majibu ya getstatus yanashindana na pakiti za mchezo kwenye laini ile ile ya kutokea. Ndiyo maana ya wale panzi.

Lawama ya kwanza, kwa haki, si ya injini. Hati ya RFC 2827 ya Mei 2000 ilikwisha kuwashauri watoa huduma za intaneti wasiruhusu pakiti yenye anwani isiyo ya kwao itoke kwenye mitandao yao. Wote wangetii, kisa hiki kisingekuwapo. Lakini anayeandika msimbo wa seva hawezi kusubiri dunia nzima itii.

id walijua, nusu

Kinachonivutia zaidi katika msimbo wa awali ni kwamba waandishi wake hawakuwa wajinga wa jambo hili. Tazama jinsi mchezaji anavyoingia. Kwanza anatuma getchallenge. Seva inamrudishia namba ya bahati nasibu. Kisha anatuma connect ikiwa na namba ile. Maelezo yaliyoandikwa juu ya kipande hicho yanasema wazi kwamba lengo ni kuzuia watu kuifurika seva kwa maombi yenye anwani za uongo: aliyeghushi anwani hataliona jibu, kwa hiyo hataijua namba.

Kwa upande wa mteja, yaani programu ya mchezaji, nako kuna tahadhari kama hiyo. Mteja akipokea pakiti ya disconnect kwenye mlango wa wageni, anaangalia kwanza kama amepata pakiti yoyote kutoka kwa seva ndani ya milisekunde 3000 zilizopita. Kama amepata, anaipuuza, kwa kuwa huenda ni ya mwigaji.

Basi walikuwa na wazo la anwani ya kughushi kichwani, na walilinda viti vya ndani dhidi yake. Hawakuwaza kwamba mwigaji anaweza asitake kiti kabisa. Swali walilojiuliza lilikuwa: pakiti hii inaweza kunidhuru vipi mimi? Lile la pili, pakiti yangu mimi inaweza kumdhuru nani, halikuwamo. Sidhani mwaka 1999 wengi walikuwa wakijiuliza.

Dawa za kienyeji

Kabla ya injini kurekebishwa, wenye seva walijitibu kwa faiwoli. Kwenye Linux walitumia iptables kuzisoma pakiti, na zenye neno getstatus wakaziwekea kikomo cha kupita. Inafanya kazi, kiasi. Lakini inataka mtu mwenye mamlaka kamili juu ya mashine, na wengi walikuwa wamekodi nafasi ya mchezo tu, bila mlango wa kuingilia kwenye mfumo wenyewe. Na aliyeweka kikomo kimoja kwa wote alijikuta mshambuliaji anakimaliza peke yake, wateja halali wanabaki nje.

Kiraka kilipaswa kuwa ndani ya injini, ili kila anayeijenga upya akipate bila kuomba.

Ndoo mbili

Msimbo wa ioquake3 unatumia mbinu ya zamani ya watu wa mitandao, ndoo inayovuja. Kila tukio ni kikombe cha maji kinachomiminwa ndooni. Ndoo ina tundu dogo chini, linalovuja kwa kasi isiyobadilika. Ikijaa, anayekuja anaambiwa hapana.

Uzuri wa utekelezaji wake ni kwamba hakuna saa inayozunguka ikipunguza maji. Ndoo inakumbuka vitu viwili tu: kiwango kilichomo na mara ya mwisho ilipoguswa. Swali likija, msimbo unatazama muda uliopita, unaugawa kwa kipindi cha kuvuja, unapunguza kiasi hicho, na baki ya mgawanyo inarudishwa kwenye saa ya ndoo ili nusu kipindi kisipotee. Kama saa imerudi nyuma, ndoo inamwagwa yote na kuanza upya. Mistari kumi na tano hivi. Msimbo wa aina hii nikiusoma nafurahi kama mtu aliyeona jahazi limesukwa bila msumari.

Kazi inafanyika ndani ya SVC_Status, kitendakazi kinachojibu getstatus. Zimewekwa ndoo mbili mlangoni. Ya kwanza ni ya kila anwani: majibu kumi kwa mkupuo, kisha moja kwa kila milisekunde 1000. Ya pili ni ya wote kwa pamoja: kumi kwa mkupuo, kisha moja kwa kila milisekunde 100.

Mpangilio huo si wa bahati. Chukua mshambuliaji anayetuma maswali elfu kwa sekunde kwa jina la mlengwa mmoja. Ndoo ya anwani hiyo inajaa mara moja, na yote yanayozidi yanaishia hapo bila kuigusa ndoo ya pamoja. Wateja wengine hawahisi kitu. Ungegeuza ndoo hizo, ya pamoja itangulie, mtu mmoja angeijaza na kuwafungia wote, yaani ungerudi kwenye ubovu ule ule wa faiwoli ya kikomo kimoja. Kiraka chenye vipande vile vile, kikipangwa vibaya, kingekuwa kasoro mpya.

Ndoo ya pamoja ni ya mshambuliaji mwerevu zaidi, anayebadilisha anwani kila pakiti. Dhidi yake ndoo za anwani hazina kazi, kwa kuwa kila pakiti inakuja na uso mpya. Hapo kikomo cha jumla kinashika: majibu kumi kwa sekunde, takriban kilobiti 70 zikitoka. Hakuna anayeangushwa na kilobiti 70, na hakuna mchezaji wa ndani anayezihisi.

Lakini sasa, swali moja halali lililochanganyika na elfu moja ya uongo lina nafasi gani ya kujibiwa? Karibu halina. Seva inatoweka kwenye orodha. Waandishi wa kiraka walilijua hilo, tena waliliandika: maelezo yaliyo juu ya mstari huo yanasema kwamba wanaruhusu getstatus ilemazwe kwa urahisi kiasi, ili mradi seva isimwage laini yake nje inapofurikwa. Mambo hayo hayo yamewekwa kwenye getchallenge, kwa hiyo wakati wa mafuriko hata kujiunga kunaweza kushindikana. Waliomo wanaendelea kucheza, kwani pakiti zao zinapita njia ya wenyeji.

Huo ndio uamuzi wenyewe, na kila kingine ni hesabu. Kati ya seva yangu kufichika na seva yangu kumpiga mtu nisiyemjua, wamechagua ifichike. Wangeweza kuchagua kinyume, na wenye seva wengi, ninavyowafahamu, wangechagua kinyume: kwao seva isiyoonekana kwenye orodha imekufa, na mlengwa wa mbali ni shida ya watu wengine. Mimi naona walichagua sawa. Aliyefichwa na mshambuliaji anajua amefichwa, na ana wa kumlalamikia. Mlengwa wa majibu yaliyozidishwa hajui hata aanze kumlaumu nani kati ya seva elfu.

Inapobana

Kiraka kizuri bado kina mahali pake pa kubana, na uchambuzi usiofika hapo ni tangazo la biashara.

Ndoo za anwani zinakaa kwenye jedwali la nafasi 16,384. Ukubwa wake kwenye kumbukumbu haufiki megabaiti moja, kwa hiyo si mzigo. Ndoo isiyoguswa kwa muda wa kutosha kuvuja yote, sekunde kumi kwa getstatus, inahesabika imekwisha, na nafasi yake inachukuliwa. Piga hesabu: anwani mpya 1,640 hivi kwa sekunde, na jedwali linajaa. Kisha? Anayekuja asipopata nafasi anahesabiwa kama aliyezidi kikomo na anakataliwa. Jedwali likishindwa, mlango unafungwa, haufunguki. Mantiki ni ile ile ya ndoo ya pamoja, na nafurahi kuona wameifuata mpaka kwenye kona isiyoonekana na wengi.

Ila kutafuta nafasi hiyo kunafanywa kwa kupita jedwali kuanzia mwanzo mpaka ipatikane iliyo wazi. Jedwali likiwa limejaa, kila anwani mpya inaigharimu seva kupita nafasi zote 16,384. Maswali elfu mbili kwa sekunde ni zaidi ya hatua milioni 32. Kichakataji cha leo kinazimudu. Mashine ndogo ya kukodi, inayogawana kiini kimoja na wapangaji wengine, itaanza kukohoa. Ningekuwa naandika upya ningeweka orodha ya nafasi zilizo wazi. Lakini nakiri kwamba anayekutumia pakiti nyingi kiasi hicho ana njia nyingi nyingine za kukuumiza.

Jingine linatuhusu sisi wa huku kuliko wengine. Kikomo cha kila anwani kinachukulia kwamba anwani moja ni mtu mmoja. Kwenye mitandao ya simu ya Afrika Mashariki, na sehemu nyingine nyingi, wateja wengi hutoka nje kupitia anwani moja ya IPv4, sawa na vijana wa cyber moja. Kumi kwa mkupuo na moja kwa sekunde kunawatosha, kwa sababu orodha ya seva haiulizwi kila mara. Anayesoma kisa hiki na kutamani kukaza zaidi, tuseme mbili kwa mkupuo na moja kwa sekunde tano, akumbuke kwamba atakayemfungia kwanza ni mtu wa Mbagala au Kayole.

Je, kwa nini wasingedai tu namba ya bahati nasibu kwanza, kama kwenye connect? Ingekata mzizi: aliyeghushi asingepata jibu refu hata moja. Kampuni ya michezo ya Valve ilifanya hivyo mwaka 2020 kwa A2S_INFO, swali la kuomba taarifa za seva zao. Lakini Valve wanamiliki mteja, seva na orodha, na wanaweza kuwasukumia wote toleo jipya. ioquake3 haimiliki kitu. Kuna programu za kuorodhesha seva zilizoandikwa miaka mingi iliyopita, tovuti za takwimu, roboti za kutangaza nani yuko mtandaoni, na zote zinajua itifaki ya 1999 peke yake. Kubadilisha swali kungezivunja zote siku moja. Ndoo hazivunji chochote. Mteja wa zamani hajui hata kwamba zipo.

Kitendakazi kile kile, hodi nyingine

Chini ya ndoo hizo mbili, ndani ya SVC_Status, kuna mstari wa tatu ambao ni mkubwa kwa umri. Unakataa swali ambalo neno lake la pili linazidi herufi 128.

Neno hilo la pili ni alama ambayo muulizaji huambatanisha, na seva huirudisha kama ilivyo, ili muulizaji ajue jibu ni la swali lipi. Seva inaiingiza kwenye kamba ya taarifa yenye kikomo cha herufi 1024. Alama ikiwa ndefu mno, kamba inapita kikomo, na injini inaita kosa ambalo, likitokea kwenye seva, linafunga mchezo mzima. Pakiti moja, kutoka kwa mtu asiye na akaunti wala kiti, na wachezaji wote wanajikuta kwenye menyu. Mtafiti wa Italia, Luigi Auriemma, aliligundua na kulitangaza mwaka 2005, na msimbo wa ioquake3 unamtaja kwa jina kwenye maelezo ya kinga hiyo.

Hapa kasoro ni ya kawaida kabisa. Ukaguzi wa urefu ulikuwapo. Kilichokosewa ni adhabu. Kosa la mgeni liliadhibiwa kwa kuua nyumba. Kwenye msimbo wa mtandao, kila mahali panapoitwa kosa kubwa panapaswa kuulizwa kama mtu wa nje anaweza kupafikia kwa pakiti moja.

Na rcon, amri ya kuiongoza seva kutoka mbali? Nayo ilikuwa na kikomo tangu mapema: ombi moja kwa kila milisekunde 500, ili watu wasikisie nenosiri kwa kasi. Kikomo hicho kilikuwa kimoja kwa dunia nzima. Mtu aliyetuma nenosiri lolote la uongo mfululizo alimfungia mwenye seva nje ya seva yake mwenyewe, na kwa kawaida alifanya hivyo dakika ile ile ambayo mwenye seva alitaka kumfukuza. ioquake3 ikaweka ndoo ya kila anwani kwanza, na ndoo ya pamoja ikahesabu tu waliokosea nenosiri. Mwenye nenosiri sahihi haijazi ndoo ya wahuni.

Njia ya wenyeji nayo iliguswa, kwa haraka nitaje. Katika itifaki namba 71 ya ioquake3, iliyofuata namba 68 ya id, kila pakiti ya netchan inabeba namba ya uthibitisho inayokokotolewa kutokana na namba ya mfuatano na ile namba ya bahati nasibu ya kuingilia. Anayetaka kuchomeka pakiti ya uongo katikati ya mchezo wa mtu haimtoshi tena kujua anwani na kukisia mfuatano.

Zilizobaki

Kiraka kinamfikia anayejenga upya. Michezo ya biashara iliyonunua injini kabla ya 2005 ilikwenda na msimbo uliofungwa, na kampuni nyingi zilikwisha kuachana na michezo hiyo. Wanaoendesha seva zake leo wanategemea faiwoli, au viraka vya wapenzi wa mchezo vinavyobandikwa juu ya programu iliyokwisha kujengwa.

Kama una seva ya ukoo huu na hujui iko upande gani, kujua ni kazi ya dakika tano. Andika skripti ndogo itume getstatus 30 kwa mpigo kwenye bandari ya 27960 ya seva yako mwenyewe, kutoka anwani moja, kisha ihesabu majibu. Yakirudi kumi, usubiri sekunde moja, utume tena tano, likarudi moja, ndoo zipo na zinavuja inavyotakiwa. Yakirudi yote thelathini, jenga upya kabla ya ile barua pepe fupi kufika.